Mate, Machicha na Magadi: Asidi na Alkali katika Tumbo la Ng'ombe

Katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Afrika Mashariki, hasa ule wa kufungia bandani unaofanyika kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, katika kaunti ya Kiambu na pembezoni mwa miji kama Dar es Salaam na Kampala, sehemu kubwa ya chakula cha ziada ni masalia ya viwanda na mashine: pumba zilizobaki baada ya kukoboa mahindi, machicha yaliyobaki baada ya kutengeneza bia, mashudu yaliyobaki baada ya kukamua alizeti au pamba, na molasi iliyobaki baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Masalia hayo hupimwa sokoni kwa bei ya gunia na, kwa mfugaji aliyepata mafunzo, kwa kiasi cha protini. Vipimo hivyo viwili havijibu maswali yaliyo ya msingi zaidi, yaani masalia yanachachuka kwa kasi gani yakishamezwa, yanazalisha asidi kiasi gani, na yanamfanya ng'ombe atafune kwa muda gani. Mfugaji asiyeyauliza hayo huishia kununua dukani kitulizo cha asidi ambacho mnyama wake angekitengeneza bure kinywani mwake.

Rumeni, yaani tumbo la kwanza na kubwa kuliko yote manne ya ng'ombe, huchukua lita 100 hadi 200 kwa mnyama mzima, ina joto la nyuzi 39 hivi za Selsiasi, na karibu haina oksijeni. Ndani yake wamo bakteria wanaofikia bilioni 10 na zaidi katika kila mililita, pamoja na protozoa na kuvu; kuvu hao walitambuliwa rasmi mwaka 1975 tu, baada ya utafiti wa Colin Orpin nchini Uingereza, kwa sababu hapo awali chembe zao zinazoogelea zilidhaniwa kuwa ni protozoa. Viumbe hao ndio wanaomeng'enya nyuzinyuzi, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya kinachoweza kuvunja selulosi, ile kemikali inayojenga kuta za seli za mimea. Mazao makuu ya kazi yao ni asidi tatu, nazo ni ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki, ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu, na ambazo kwa pamoja humpatia ng'ombe takriban asilimia 70 ya nishati yake. Kwa hiyo asidi si uchafu wala ugonjwa, bali ndiyo riziki yenyewe ya mnyama: ile ya asetiki, inayotoka zaidi katika nyuzinyuzi, ni malighafi ya mafuta ya maziwa, na ile ya propioniki, inayotoka zaidi katika wanga, hugeuzwa na ini kuwa glukosi, ambayo kiwele huitumia kutengeneza sukari ya maziwa. Tatizo huanza pale kasi ya kuzalishwa kwa asidi inapozidi kasi ya kufyonzwa na kutulizwa kwake.

Ukali huo hupimwa kwa pH, kipimo ambacho 7 ni hali isiyo ya asidi wala ya alkali, na ambacho kila kinaposhuka kwa tarakimu moja humaanisha kwamba asidi imeongezeka mara 10. Rumeni yenye afya huwa kati ya 6 na 7. Bakteria wanaovunja nyuzinyuzi, ambao miongoni mwao wanaojulikana zaidi ni Fibrobacter succinogenes na spishi mbili za Ruminococcus, huanza kudhoofika pH inaposhuka chini ya 6, ilhali wale wanaokula wanga huendelea kustawi. Hivyo ng'ombe hupoteza kwanza uwezo wa kunufaika na majani anayopewa, kabla hajaonyesha dalili yoyote ambayo jicho la mfugaji lingeweza kuiona. pH ikikaa chini ya 5.6 hivi kwa saa kadhaa kila siku, hali hiyo huitwa asidosisi iliyojificha, nayo huambatana na kinyesi chepesi, hamu ya kula inayopanda na kushuka, kwato zinazouma na mafuta ya maziwa yanayopungua. Ikishuka hadi 5 au chini yake, bakteria aitwaye Streptococcus bovis, ambaye akipata wanga au sukari ya kutosha huongezeka maradufu kwa muda usiofika nusu saa, hutawala na kumwaga asidi ya laktiki, ambayo ni kali mara kumi hivi kuliko zile tatu za kawaida. Wapo bakteria wengine wanaoitumia asidi hiyo na kuiondoa, lakini wao huongezeka polepole, na ndiyo maana ng'ombe aliyevunja stoo na kula gunia la mahindi usiku hufa, ilhali yule aliyezoeshwa nafaka kwa wiki tatu huishi vizuri akila kiasi ambacho kingemuua mwenzake.

Ulinzi wa kwanza dhidi ya hali hiyo ni mate. Ng'ombe mzima hutoa mate lita 100 hadi 150 kwa siku, nayo yana pH ya zaidi ya 8 kwa sababu yamejaa baikaboneti na fosfeti, chumvi zinazofanya kazi ya bafa, yaani kitu kinachopokea asidi bila kuiacha pH iyumbe sana. Hesabu ya baikaboneti iliyomo katika mate hayo huonyesha kuwa ng'ombe hujitengenezea na kumeza kiasi kinacholingana na kilo 1 hadi 1.5 ya sodiamu baikaboneti kila siku. Mate hayo hutoka kwa wingi wakati wa kutafuna na wakati wa kucheua, kazi ambayo ng'ombe anayekula majani marefu huifanya kwa saa 6 hadi 8 kwa siku. Kilo moja ya majani makavu humlazimisha kutoa mate mara kadhaa zaidi ya kilo moja ya pumba, ambayo huteremka kooni karibu bila kutafunwa. Kutokana na hili, urefu wa kipande cha jani ni jambo la kikemia kama lilivyo la kimaumbile, na mashine ya kukata majani inayosaga kila kitu kikawa kama chenga humpunguzia ng'ombe mate hata kama kipimo cha maabara kitaonyesha nyuzinyuzi zilezile.

Masalia, basi, yapimwe kwa mizani hiyo. Pumba za mahindi, ambazo ndizo zinazotumiwa zaidi Tanzania, si ganda tupu kama jina lake linavyomfanya mtu adhani. Mashine ya kukoboa huondoa ganda pamoja na kiini na sehemu ya wanga, na kadiri mteja anavyotaka sembe nyeupe zaidi, ndivyo wanga mwingi unavyokwenda kwenye pumba. Kwa mlaji wa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, pumba hazipo kabisa. Matokeo yake ni kwamba gunia la mashine moja linaweza kuwa karibu sawa na nafaka iliyosagwa, na la mashine ya jirani likawa na maganda mengi, ilhali bei yake ni ileile na mfugaji huyapima yote kwa debe lilelile. Wanga wa mahindi huchachuka polepole kuliko ule wa ngano au wa muhogo, jambo ambalo ni la heri, lakini unga wake laini hupunguza sehemu ya heri hiyo. Zaidi ya hayo, pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mafuta ya kiini chake huchacha upesi stoo ikiwa na joto. Ng'ombe anayepewa ndoo moja ya pumba asubuhi kabla ya kukamuliwa na nyingine jioni, kila mara tumbo likiwa tupu, hupata mawimbi mawili ya asidi kwa siku, na kiasi kilekile kisingemdhuru sana kama kingegawanywa mara nne au kutanguliwa na majani.

Machicha ya bia ni kisa cha aina nyingine, na wafugaji wengi huyahukumu kinyume. Katika kutengeneza bia, vimeng'enya vya shayiri iliyooteshwa huvunja wanga na kuufanya sukari, nayo sukari huondoka na maji yanayokwenda kuchachushwa. Kinachobaki ni maganda, nyuzinyuzi na protini inayofikia takriban robo ya uzito mkavu, yaani uzito uliobaki maji yakishatolewa. Chakula ambacho wanga wake umekwisha kuibwa na mtengeneza bia hakiwezi kuwasha moto mkubwa wa asidi, na kwa kipimo hicho machicha ni salama kuliko pumba. Upungufu wake uko pengine. Kwanza, asilimia 75 hadi 80 yake ni maji, kwa hiyo ndoo ya kilo 20 ina chakula cha kilo 4 au 5 tu, na anayeilipia kwa uzito analipia maji pamoja na gari lililoyabeba kutoka kiwandani. Pili, nyuzinyuzi zake ni vipande vidogo visivyomlazimisha ng'ombe kucheua, hivyo vikichukua nafasi ya majani huonekana katika hesabu kama nyuzinyuzi ilhali kinywani havipo. Tatu, katika joto la pwani huota ukungu ndani ya siku chache, na baadhi ya ukungu huleta aflatoksini, sumu ambayo ng'ombe huigeuza na kuipitisha katika maziwa. Machicha yakishindiliwa katika pipa au shimo lisiloingiza hewa hukaa kwa wiki nyingi bila kuharibika, lakini si vema yazidi robo ya uzito mkavu wa chakula cha siku.

Kuhusu molasi maneno machache yanatosha: nusu yake ni sukari inayochachuka karibu mara tu inapofika tumboni, na faida yake kubwa ni kunyunyizwa kidogo juu ya mabua ili yalike. Kuba, ambako katika miaka ya 1960 mtaalamu T. R. Preston na wenzake walijaribu kunenepesha ng'ombe kwa molasi na urea pamoja na majani machache mno, ilionekana kwamba baadhi ya wanyama waliopungukiwa majani hayo walianza kuyumba na kupofuka, na kinga iliyoeleweka ilikuwa kuyaongeza majani. Mabaki ya matunda, kama ya mananasi karibu na Thika au ya machungwa kwingineko, ni afadhali kuliko sukari yake inavyotisha, kwa sababu sehemu kubwa ya maganda ya machungwa ni pektini, ambayo huchachuka upesi lakini haileti asidi ya laktiki, na uchachukaji wake wenyewe hupungua pH inaposhuka.

Mashudu ya alizeti yanayotoka katika vinu vidogo vya Singida na Dodoma huwa na mafuta mengi yaliyobaki, kwani vinu hivyo havikamui yote. Mafuta hayo, yakiifanya jumla ya mafuta katika chakula izidi asilimia 6 au 7, huwafunika na kuwadhuru bakteria wa nyuzinyuzi. Na yakikutana na pH ya chini, bakteria hushindwa kuyageuza mpaka mwisho, wakatoa aina za kati ambazo zikifika kwenye kiwele huzuia utengenezaji wa mafuta ya maziwa. Hii ndiyo maana mchanganyiko wa pumba nyingi na mashudu ya alizeti hutoa mara nyingi maziwa mengi yasiyo na siagi. Laktomita ya mnunuzi haitaonyesha upungufu huo, kwa kuwa mafuta ndiyo sehemu nyepesi ya maziwa, na yakipungua maziwa huonekana mazito na safi zaidi.

Ni katika hali kama hiyo ambapo sodiamu baikaboneti, yaani soda, hupendekezwa, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 0.75 hadi 1 ya uzito mkavu wa chakula, ambacho kwa ng'ombe anayekula kilo 15 ni gramu 110 hadi 150 kwa siku. Kiwango hicho kikilinganishwa na kile cha mate kilichotajwa hapo juu ni kama sehemu moja ya kumi, na hapo pana fumbo: kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kupandisha mafuta ya maziwa, kama majaribio mengi yalivyoonyesha? Mwaka 1993 James Russell na mwenzake Chow walitoa hoja, katika jarida la Kimarekani la sayansi ya maziwa, kwamba kazi kubwa ya chumvi hiyo si kutuliza asidi moja kwa moja. Sodiamu humfanya ng'ombe anywe maji zaidi, maji hayo huisuuza rumeni, na sehemu ya wanga ambao ungechachuka hapo husukumwa kwenda mbele, ukameng'enywa katika utumbo mdogo. Asidi ya propioniki hupungua na ile ya asetiki huchukua nafasi yake. Hoja hiyo, hata kwa yule asiyeikubali yote, ina tokeo la wazi kwa mfugaji: baikaboneti katika banda ambalo ng'ombe hupata maji mara mbili kwa siku katika ndoo, kama ilivyo katika mabanda mengi, imenyimwa chombo cha kufanyia kazi. Maji yasiyokatika yaje kwanza, soda ifuate.

Oksidi ya magnesiamu hufanya kazi kwa njia nyingine, kwani yenyewe si bafa bali ni alkali inayoyeyuka polepole na kupandisha pH. Huchanganywa kwa sehemu moja kwa kila sehemu mbili au tatu za soda, na ikizidi huharisha na kufanya chakula kichukiwe kwa uchungu wake. Chokaa ya mifugo, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo wauzaji wengine huisifu kuwa nayo ni kitulizo, haiyeyuki vya kutosha katika pH ya rumeni yenye afya, kwa hiyo haina msaada mkubwa wa namna hiyo. Thamani yake ni kalsiamu inayoziba pengo la pumba, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuinunua. Upo pia wakati ambapo alkali hizi hudhuru. Katika wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa, sodiamu na potasiamu nyingi, pamoja na ile inayoletwa na molasi, huifanya damu iegemee upande wa alkali na kuuzuia mwili kuvuta kalsiamu kutoka mifupani, hivyo huongeza hatari ya homa ya maziwa mara ng'ombe anapozaa; mitamba na ng'ombe waliokaushwa hawapaswi kupewa mchanganyiko uleule wa wanaokamuliwa.

Ukanda huu una alkali yake yenyewe. Magadi ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi kwa sehemu kubwa ni madini ya trona, muungano wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti, na wafugaji wa Bonde la Ufa wameyajua kama chumvi ya kulamba ya mifugo kabla ya dawa yoyote ya dukani. Kwa kuwa zaidi ya theluthi ya uzito wa trona ni baikaboneti, ni rahisi kuyaona kuwa mbadala wa bei nafuu, lakini mambo mawili yanalizuia hitimisho hilo. Kaboneti iliyomo ni kali kuliko baikaboneti na huunguza kinywa ikiwa kavu. Na, jambo lililo zito zaidi, magadi ya asili yana floridi, ile inayoyafanya meno ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro kuwa ya kahawia, ambayo kiasi chake hutofautiana sana kutoka fungu moja hadi jingine na ambayo hujikusanya mifupani kwa miaka yote ya uhai wa mnyama. Kuyafanya magadi kuwa kirutubisho cha kila siku bila kuyapima ni kubadilisha hasara ndogo ya leo kwa hasara kubwa ya baadaye.

Mahali ambapo alkali hufanya kazi iliyo kubwa kuliko zote ni nje ya ng'ombe. Katika mabua, hemiselulosi hufungwa na lignini, ile gundi ngumu ya miti isiyomeng'enyeka, kwa vifungo ambavyo alkali huvikata; nyuzi hutanuka, na bakteria hupata mlango wa kuingilia. Ernst Beckmann, mwanakemia wa Kijerumani, aliufanya ujuzi huu kuwa wa kiutendaji katika miaka ya uhaba wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuloweka majani makavu ya nafaka katika maji yenye takriban asilimia 1.5 ya magadi makali, yaani sodiamu haidroksidi, kisha kuyaosha. Majani yaliyofanyiwa hivyo yalimeng'enywa vizuri mno, lakini maji ya kuosha yaliondoka na sehemu ya chakula na kuchafua mito. Katika nchi za joto nafasi ya magadi makali ilichukuliwa na urea, na Januari 1981 watafiti wa Afrika walikutana Arusha kujadili mabua na majani duni ya bara hili. Kilo 4 hadi 5 za urea huyeyushwa katika lita 50 hadi 80 za maji, hunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua makavu, na rundo hufunikwa kwa turubai lisilopitisha hewa kwa wiki tatu; vijidudu vilivyomo huivunja urea ikawa amonia, amonia hukata vifungo, na sehemu yake hubaki kama nitrojeni, kiasi kwamba protini ghafi ya mabua hupanda kutoka asilimia 3 au 4 hadi 7 au 8. Mabua hayo yakilishwa pamoja na machicha hukamilishana, moja likileta kutafuna na jingine protini.

Tahadhari mbili hazina nafasi ya kurukwa. Majani yenye sukari, au mabua yaliyonyunyiziwa molasi, yasitiwe amonia, kwani sukari na amonia zikikutana katika joto hutoa sumu inayomfanya ng'ombe apagawe na kukimbia hovyo, na inayoweza kupita hata kwenye maziwa. Na urea inayolishwa moja kwa moja isikutanishwe na soda nyingi: amonia katika asidi hubaki na chaji ya umeme inayoizuia kupenya ukuta wa rumeni, lakini pH ikipanda hupoteza chaji hiyo na kuingia katika damu kwa wingi unaolishinda ini. Ndiyo sababu ng'ombe aliyesumishwa na urea hunyweshwa siki lita kadhaa pamoja na maji mengi baridi.

Pamoja na sifa zake zote, uloweshaji wa mabua kwa urea haukuenea kama wataalamu walivyotarajia, na sababu yake si ujinga wa wafugaji. Mabua hupatikana kwa wingi kiangazi, wakati maji ni ya kubeba kichwani. Turubai hutobolewa na panya. Na urea hununuliwa kwa fedha wakati mabua hayakugharimu kitu. Palipo na mpunga wa umwagiliaji mambo hubadilika, kwa kuwa maji, mabua na soko la maziwa hukaa karibu. Wafugaji wa Kenya ya Kati wamekwisha kuonyesha hivyo kwa kununua marobota ya majani ya mpunga ya Mwea, ingawa wengi huyalisha bila kuyatia chochote, ilhali katika skimu nyingi za Tanzania majani hayohayo huchomwa shambani mara mpunga unapopurwa.